Donati za Posa ya Chaudhri

Jumatatu, 2 Oktoba

Mwaka mmoja na miezi saba tangu nitoke nyumbani. Lahore bado inachoma. Oktoba hii! Kwetu Khaplu sasa wanashusha mbuzi kutoka malishoni na kuanika aprikoti za mwisho juu ya mapaa. Hapa naanikwa mimi mwenyewe, ghorofa ya tatu, na karai la saruji kichwani.

Lakini leo kuna habari njema. Nimepata njia ya kwenda nyumbani.

Mambo yako hivi. Chaudhri Sarfraz, mkandarasi wetu, anamwoza binti yake. Mchumba yuko Kanada, anaendesha malori. Ijumaa wakwe wanakuja kukamilisha posa. Mtu mwingine angewapa ladu, vitamu vya mviringo vya sherehe. Chaudhri hataki ladu. Anataka boksi la donati kutoka lile duka jipya la Wakanada kwenye barabara kuu, lile lenye vikombe vyekundu, ili wakwe wajue kwamba nyumba hii nayo inaijua Kanada. Foleni ya duka hilo inafika hadi kwa fundi viatu. Chaudhri hawezi kusimama foleni. Ana goti bovu, tena ana cheo.

Akauliza mbele ya mafundi wote, nani ataleta. Boota, mpiga lipu, akanyoosha mkono. Mimi nikanyoosha miwili.

Nikamwambia Chaudhri kwamba mimi ni mtu wa theluji na wale ni watu wa theluji, tutaelewana. Akanitazama sana, akasema kumbe kweli, hata macho yangu ni ya watu wa baridi. Sijui ana maana gani. Nilikubali. Nikaweka sharti moja tu: boksi likifika, nipewe ruhusa ya kwenda nyumbani kabla theluji haijafunga njia ya Babusar. Akasema, "Lete boksi kwanza, Fida. Habari za Babusar baadaye."

Nina binti, Bano. Alizaliwa mimi nikiwa huku. Sasa anatembea, na sijamwona. Mtandao wa kijijini hauwezi kubeba picha. Sauti yenyewe inafika inachechemea.

Boota anasema nitashindwa. Boota kwao ni Okara, ukipanda basi asubuhi unakula chakula cha mchana kwa mama. Mtu wa namna hiyo anajua nini kuhusu kwenda nyumbani?

Jumanne, 3 Oktoba

Siku mbaya.

Nilitoka kazini mchana moja kwa moja, na nguo za kazi, nikidhani foleni haiangalii nguo. Mlinzi mlangoni, Mpathani mpole mwenye masharubu, akaniuliza kama nimeleta saruji. Nikasema nimekuja kununua donati. Akacheka kwa heshima, akasema, "Kaka, mafundi wanapitia nyuma."

Nikaenda nyuma. Nyuma kulikuwa na lori la duka la jirani. Dereva aliponiona akapiga kelele kwamba nimechelewa. Kabla sijajieleza, gunia la sukari lilikuwa begani mwangu. Bega langu lina ujinga wake. Likiona gunia halisubiri akili.

Nilibeba magunia yote. Nikapewa glasi ya sharubati na kuambiwa kesho niwahi.

Niliporudi kazini, Boota alikuwa anazunguka jukwaani na kikombe chekundu cha Wakanada mkononi, chenye kifuniko. Moyo ulinishuka hadi kwenye kandambili. Baadaye nikanusa. Chai yetu ya kawaida, ya maziwa na iliki! Alikiokota kikombe kitupu barabarani, akakiosha. Hata hivyo Chaudhri alimwona akamwita bwana Kanada. Mafundi wanamwomba wakishike.

Si wao tu. Jiji lote liko hivyo. Nimeona gari la kifahari lenye kikombe kitupu mbele ya kioo, kimekaa pale kama tasbihi. Nimeona mabinti wakipiga kikombe picha mpaka kahawa imepoa. Kila nyumba hapa ina mtoto Kanada, au inamtafutia viza. Mtoto hayupo, basi wanashika kikombe.

Ningekuwa na kikombe cha Khaplu, na mimi ningekiweka mbele ya kioo. Sina gari, lakini ningetafuta kioo.

Jumatano, 4 Oktoba

Nimefika ndani! Lakini sikuleta boksi. Naandika yote kwa mpangilio.

Nilioga. Nikaazima shati jeupe la Nisar, jirani yangu wa kitanda, na kizibao cha mpishi. Mlinzi hakunijua. Akanifungulia mlango akaniita bwana. Kumbe mimi na bwana tumetenganishwa na sabuni.

Foleni ilikuwa ndefu. Mbele yangu mzee mmoja alikuwa anamweleza kila mtu kwamba mwanawe Toronto hunywa kahawa hii hii, kwa hiyo naye akinywa ni kama wamekaa pamoja mezani. Watu walimcheka. Mimi sikucheka.

Halafu ule ubaridi! Kiyoyozi cha mle ndani kinapuliza kama upepo wa alfajiri unaotoka kwenye barafu ya mto Shyok. Nikafumba macho. Nilipoyafumbua, nikaona ukuta. Ukuta mzima ni picha: milima yenye theluji, misonobari, ziwa, na kibanda cha mbao. Watu wa Lahore wanalipa ili wakae chini ya picha ya theluji. Kwetu theluji inakuja bure na inavunja paa.

Kosa moja niliona. Kibanda hakina moshi. Theluji yote ile, na hakuna aliyewasha moto! Nikaanza kufikiri nani anaishi mle, na kama kuni zimewaishia, na kama ana mtoto. Nikafikiri kuhusu kuni zetu. Kaka yangu Ishaq alisema atapasua za msimu huu. Anasema kila mwaka.

Kumbe nimefika mbele. Binti wa kaunta ananiuliza kitu kwa mara ya tatu. Kubwa au ndogo, maziwa au bila, ya moto au ya baridi. Nikaona watu wote nyuma yangu wananitazama. Ulimi ukaganda. Kwa kila swali nikasema ndiyo. Nikatoka nje na kikombe kimoja cha kahawa nyeusi, kubwa kama ndoo ya kuogeshea mtoto. Boksi nimelisahau kabisa.

Nikaketi ukingoni mwa barabara, nikaonja. Dawa ya minyoo! Lakini nimeshailipia. Mfukoni nilikuwa na kikaratasi cha chumvi kutoka kwenye mayai ya asubuhi, na kipande cha siagi kwenye mkate wangu. Kwetu chai ni chumvi na siagi, hivyo mkono ukafanya wenyewe. Nikakoroga kwa kidole, nikanywa.

Mama yangu angeniuliza kwa nini nalia barabarani.

Ilikuwa chai yetu. Siyo hasa, lakini binamu yake. Niliinywa yote. Mpita njia mmoja aliona siagi ikielea akauliza hiyo ni ladha mpya ya Kanada? Nikasema ndiyo. Akaenda kupanga foleni.

Alhamisi, 5 Oktoba

Asubuhi nilikuwa na akili kuliko siku zote. Wanawake na familia wana foleni yao, fupi, inakwenda kama maji. Mwanamume peke yake haruhusiwi. Kwa hiyo kinachotakiwa ni familia. Yangu iko mbali, nikaazima.

Khala Rashidan, mama mdogo wa kila mtu hapa, anafagia jengo la benki jirani na kazini kwetu. Mjane, mnene, sauti ya muadhini. Nikamwomba awe mama yangu kwa saa moja. Akasema yeye hana tabia ya kuzaa watu wazima, lakini kama mle ndani kuna baridi kama watu wanavyosema, atafikiria. Akafikiria palepale. Akavaa shali yake ya harusi.

Kwenye foleni alinigeuza mwanawe kwelikweli. "Simama wima! Toa kidole sikioni!" Akawaambia akina mama wote kwamba mimi ni kitinda mimba wake, nilichelewa kuongea, na mke wangu kanikimbia. Mama mmoja akanionea huruma, akasema ana mpwa wake mwalimu. Khala akauliza mpwa anajua kupika. Nilivuta shali yake. Akanipiga kofi mkononi, watu wote wakafurahi.

Tukafika kaunta, naye hakuganda ulimi. Alisema anataka donati kumi na mbili, zenye rangi, na asipewe za pembeni. Boksi likaja! Jekundu, lina kamba. Nililishika kama mtoto mchanga.

Kisha Khala akaketi chini ya kiyoyozi akakataa kuondoka. Nilimbembeleza. Akasema mwanangu nenda, mimi nimehamia Kanada. Nilimwacha pale, viatu kavua, anamweleza meneja habari za goti lake. Meneja alikuwa ameinama anasikiliza.

Ningeishia hapo, leo ingekuwa siku yangu. Haikuishia hapo.

Alasiri, boksi liko juu ya rafu chumbani kwetu, tunakolala Wabalti sita, wote watu wa milima ya kwetu. Mlango ukagongwa. Apo Mehdi! Apo ni babu wa kijijini kwetu, amekuja Lahore kutibiwa macho. Tulimkumbatia, tukamtandikia godoro bora. Akakaa. Akatazama chumba. Macho yake mabovu, yasiyoona hata mlango, yakaenda moja kwa moja kwenye rafu.

Kwetu, chakula kikishaonwa na mgeni hakifichwi tena. Ni cha mgeni. Hata akiwa adui. Wenzangu wote wakanitazama. Nikajaribu kusimama mbele ya rafu. Nisar akakohoa. Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema. Huyu kaja mwenyeji augue.

Nikashusha boksi. Nikafungua kamba.

Apo akala moja. Akatafuna muda mrefu, akasema ni azoq, maandazi yetu ya harusini, ila imetobolewa na panya. Nisar akachemsha chai ya chumvi. Apo akachovya ya pili. Akaanza kueleza nani kaoa, nani kafa, mti gani wa aprikoti umeanguka. Wenzangu nao wakagawana moja, wakaanza kuchovya. Niliwaambia jamani, hii ni amana. Wakasema ndiyo, ni amana, huku wanatafuna.

Kisha Apo akasema amemwona Bano. Nikaacha kuhesabu donati.

Anakimbiza kuku, akasema. Anakimbia akiyumbayumba, anaanguka kwa matako, hacheki wala halii, anainuka anaendelea na kuku yuleyule. Ana kidevu changu. Nikamuuliza kama anasema neno lolote. Apo akafurahi, akasema anasema vizuri sana. Anasema ata. Baba. Anamwita hivyo Ishaq. Kila jioni Ishaq akirudi shambani, mtoto anaenda mlangoni na kumwita ata, ata, mpaka abebwe.

Wenzangu wakainamia vikombe vyao. Apo hakuona kitu, macho yake ndiyo hayo.

Nikamwambia aeleze tena habari ya kuku. Nikamwongezea donati. Alieleza mara nne. Kila mara nilimpa donati.

Zimebaki tano.

Ijumaa, 6 Oktoba

Leo hakuna kazi mpaka baada ya swala. Posa ni jioni. Foleni ya Ijumaa imefika hadi msikitini, na Khala hashiki simu.

Nikaamka na mpango. Apo alisema ni azoq. Basi! Mimi azoq najua. Mama alinifundisha kwa kuwa hakuwa na binti. Nikakanda unga, maziwa, samli. Apo alikuwa ametuletea chupa ya mafuta ya kokwa za aprikoti, nikatia humo. Matundu nikatoboa kwa kipande kipya cha bomba la maji, nimekichemsha kwanza. Nikakaanga uani kwenye karai la saruji. Nalo nimelichemsha.

Harufu ilipopanda, wenzangu walitoka mmoja mmoja wakasimama kuzunguka karai. Nisar alisema imenuka kama sikukuu ya Nowruz, mwaka mpya wa kwetu. Nilimwambia asinilize, mafuta yanaruka.

Boota akatokea. Pua ya mbwa! Akatazama karai, akatazama boksi jekundu, akaelewa kila kitu. Akasema atamwambia Chaudhri. Nilimwomba kwa jina la watoto wake. Akasema hana watoto. Akainama, akaokota azoq moja, akakunja uso. Akasema, "Mzee wa theluji, hata kama unadanganya, danganya kwa kiwango. Sukari hii umeipaka kama ukuta wa choo cha serikali."

Fundi ni fundi. Alienda kuchukua mwiko wake mpya wa lipu, akauosha kwa maji moto, akapiga sukari juu ya azoq saba. Laini! Kingo zimenyooka! Nyingine akazipa rangi ya waridi kwa sharubati. Sijawahi kumsifu Boota maishani. Leo nilisema si mbaya. Sharti lake: twende wote kwa Chaudhri, na sifa tugawane. Nikakubali. Mwenye shida hachagui shemeji.

Jioni tulikuwa barazani kwa Chaudhri, tumesimama nyuma kama mapazia. Wakwe wamejaa makochi yote. Mwenye neno ni mmoja tu, bibi wa huyo mchumba wa Kanada, Bibi Sardaran, mdogo kama kifurushi, meno mawili. Chaudhri mwenyewe, anayetutukana tukiwa ghorofa ya tatu na sauti inafika, mbele yake anaongea kama paka.

Boksi likafunguliwa. Bibi akapitisha mkono juu ya zile tano za kweli. Akazivuka! Akachukua azoq.

Nilisoma dua zote ninazozijua, hata ya kuingia chooni.

Akauma kwa meno yake mawili. Akauma tena. Chaudhri jasho linamtoka. Bibi akasema, "Hii ndiyo Kanada. Hizi nyingine naona zinafanana na sabuni."

Wakampigia mchumba simu ya picha. Kijana kavaa koti ndani ya lori, nyuma yake kumepambazuka kijivu. Bibi akaisukuma azoq kwenye kamera, akamuuliza je, wewe unazila hizi? Kijana akatazama. Najua hajawahi kuiona maishani. Akasema, "Naam, Bibi. Kila asubuhi." Bibi akauliza unakula vizuri huko? Akasema vizuri sana. Akaomba bibi aisogeze karibu zaidi. Akaitazama tu, na mikono yote miwili ya bibi iliyoishika, mpaka mtandao ukakatika.

Nilitaka kumwambia Boota kitu, nikaona Boota naye anafuta pua kwa mkono wa shati. Akasema ni vumbi la saruji. Ijumaa? Kwenye zulia?

Posa imekubaliwa. Nimeshinda! Kesho naomba ruhusa. Nimeshapanga nguo kwenye mfuko.

Jumamosi, 7 Oktoba

Nilikwenda kwa Chaudhri asubuhi, uso umenawa. Akanikumbatia. Hajawahi kumkumbatia fundi, hata aliyeanguka.

Akasema mimi ni mtu muhimu. Akasema Bibi Sardaran ameamka anazitaka, na hataki za mtu mwingine, anataka zile anazochagua yule kijana wa theluji. Kila Ijumaa boksi moja, mpaka harusi. Harusi ni mwisho wa Februari. Nikamkumbusha Babusar. Akasema, "Babusar haikimbii, Fida. Bibi ana miaka themanini, anaweza kukimbia wakati wowote."

Nikauliza na ruhusa? Akasema ruhusa ameshampa Boota. Wiki hii hakuna lipu, na mwenzangu alisaidia kubeba boksi.

Boota ameondoka na basi la saa nne, kikombe chekundu mkononi. Alipita kuniaga. Akasema, "Kaka, usinichukie, mama yangu naye ananisubiri." Akanipa mwiko wake nitumie Ijumaa ijayo. Nilitaka kumchukia. Mwiko ni mzuri mno.

Nimetoa nguo kwenye mfuko.

Jumatano, 11 Oktoba

Apo Mehdi amerudi kijijini, macho yamesafishwa. Leo nimepiga simu akiwa nyumbani kwetu. Mke wangu Nargis aliweka simu sikioni mwa Bano. Nikaita Bano, Bano. Kimya. Kisha pumzi. Kisha nikasikia kitu kinasugua, kama mtu anapiga msasa. Nargis alicheka, akasema anairamba simu. Halafu sauti ndogo, karibu kabisa: "Ata."

Niliuliza Ishaq yuko hapo? Nargis akasema hapana, Ishaq yuko kwenye kuni. Amekuambia wewe.

Jioni nilipiga tena, akasema tangu asubuhi mtoto haachi simu. Anaibeba. Anaifunika kwa blanketi. Ikiisha chaji analia ata, ata.

Basi sasa ana baba wawili, mmoja ana ndevu na mmoja anachajiwa. Nimemwambia Nargis asimwambie vinginevyo kwa sasa, ila asiiache karibu na maji. Akauliza unakuja lini, Fida?

Nimefikiri vizuri na sasa nina uhakika. Bibi apate donati zake mpaka Februari. Harusi ipite. Chaudhri atakuwa na furaha, hawezi kuninyima. Nimemwambia Nargis nitakuwa mlangoni siku ya Nowruz, tarehe ishirini na moja Machi, aandae kuku yule anayekimbizwa, asichinjwe, nataka kumwona.

Au labda Aprili, mwanzoni. Maana leo Chaudhri alitaja kwamba anamtafutia mchumba binti wa pili, na kijana yuko Australia. Akauliza kwa sauti kubwa, mbele ya mafundi wote, ni nani anajua watu wa Australia wanakula nini.

Nimenyoosha mikono miwili.